KIJANA ALIYEMALIZA SHULE BILA FEDHA: NJIA ZA CHUO NA NJIA ZA AKIBA

Barabara itokayo Lanet, karibu na Nakuru, hupanda polepole mpaka Dundori, kisha huendelea kuelekea Ol Kalou. Ni nchi ya baridi na mvua, yenye viazi, kabeji na ng'ombe wa maziwa. Zamani za ukoloni ilikuwa sehemu ya nyanda zilizotengwa kwa walowezi wa Kizungu. Baada ya Uhuru wa 1963 mashamba makubwa ya nchi hizo yalinunuliwa na kugawanywa, na watu wengi wakapata vipande vyao kwa njia ya kampuni na vyama vya ushirika vya kununulia ardhi.

Babu aliyepata ekari chache aliwagawia wanawe, nao wanawe wamekwisha kuwagawia wajukuu. Shamba lililotosha nyumba moja sasa hulisha nyumba nne au tano. Kwa sababu hiyo mzazi wa leo hana ardhi ya kumrithisha kila mtoto, na urithi uliobaki ni maarifa ya kazi. Lakini maarifa yana ada, na ada ndiyo inayowashinda wengi. Kila mwaka, majibu ya mtihani wa kidato cha nne yanapotoka, wako vijana wanaofurahi siku moja, kisha wakarudi kuchimba viazi vya watu kwa kibarua cha siku, si kwa kupenda, bali kwa kutojua mlango wa kubisha.

Makala haya yaeleza milango hiyo, na jinsi ya kutumia benki, vyama vya akiba na mikopo bila ya kunaswa.

SHIDA HII SI NGENI

Mwaka 1952 Serikali ya kikoloni ilianzisha mfuko wa kuwakopesha wanafunzi waliokwenda kusoma ng'ambo. Mfuko huo ulisaidia watu wachache tu. Baada ya Uhuru shule za msingi ziliongezeka upesi kuliko nafasi za kazi na za shule za sekondari. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa lilitoa taarifa mashuhuri iliyouliza: baada ya shule, nini? Taarifa hiyo ilionyesha kwamba maelfu ya watoto walikuwa wakimaliza masomo bila ya kazi wala ufundi. Kutokana nayo zilianza shule za ufundi za vijijini mwishoni mwa miaka ya 1960. Hapo vijana walijifunza useremala, uashi, ushonaji na kilimo karibu na kwao, kwa vifaa vya bei nafuu.

Mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi Duniani walikuja Kenya kuchunguza habari za ajira. Waliandika kwamba mafundi wadogo na wachuuzi wasiokuwa na ofisi hawakuwa mzigo wa nchi, bali ni watu wenye kazi na bidii waliokosa msaada. Maneno hayo yangali na maana. Fundi wa pikipiki katika kituo cha Dundori ana kazi. Anachokosa mara nyingi ni cheti cha kuthibitisha ujuzi wake, na mahali pa kukopa kwa riba ya haki ili anunue vyombo.

ALAMA ZA MTIHANI NA MILANGO YAKE

Wazazi wengi hudhani kwamba mtoto asiyepata nafasi ya Chuo Kikuu amekwisha. Hesabu zenyewe zaonyesha kosa la fikira hiyo. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2024 watahiniwa walikuwa 962,512. Waliopata alama ya C+ na zaidi, ambayo ndiyo kipimo cha kuingia Chuo Kikuu, walikuwa 246,391. Yaani waliobaki nje ya mlango huo walikuwa zaidi ya 716,000, karibu watu watatu katika kila wanne. Taifa haliwezi kuwaita watu hao wote walioshindwa.

Milango ya vyuo vya ufundi imepangwa hivi. Mwenye alama ya C- huweza kusomea diploma. Mwenye D huweza kusomea cheti cha ufundi. Hata mwenye E anapokewa katika mafunzo ya ngazi ya fundi wa mkono, na akifaulu hupanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka diploma. Safari ya namna hiyo ni ndefu zaidi, lakini haikufungwa.

Nafasi za vyuo vya Serikali hugawanywa na halmashauri iitwayo KUCCPS, iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Halmashauri hiyo haiwagawii wanafunzi wa Chuo Kikuu peke yao, bali wa vyuo vya ufundi pia. Maombi hufanywa kwa njia ya intaneti katika muda uliotangazwa. Kijana asiyekuwa na simu ya kufaa aweza kwenda kwenye duka la intaneti, lakini aandike mwenyewe nambari yake ya siri na aikumbuke, asimwachie mwenye duka.

Katika Kaunti ya Nakuru vyuo haviko mbali. Mjini Nakuru mna chuo kikubwa cha ufundi cha Rift Valley na chuo cha kufundishia wauguzi na waganga wasaidizi. Naivasha pana chuo cha mambo ya maziwa, ambacho chafaa sana kwa watoto wa wafugaji. Njoro pana Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo. Gilgil pana chuo cha Huduma ya Vijana kwa Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1964. Kuandikishwa katika Huduma hiyo hakulipiwi, na mtu ye yote anayedai fedha ili amwingize kijana ni mwizi. Tena, shule za ufundi za vijijini ziko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na ada yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya vyuo vikubwa.

Na yule aliyejifunza kazi gereji au kwenye nyumba zinazojengwa, asiyekuwa na cheti cho chote? Halmashauri ya mafunzo ya viwanda, NITA, hutahini mafundi kwa vitendo, kuanzia daraja la tatu mpaka la kwanza. Mwashi aliyefanya kazi miaka mitano aweza kupimwa kwa kazi ya mikono yake, akapata karatasi ambayo mwajiri au benki itaiheshimu.

KARATASI KWANZA

Nafasi nyingi hupotea kwa sababu ya karatasi, wala si kwa sababu ya akili. Kijana apaswa kuanza kuzikusanya kabla ya majibu ya mtihani kutoka.

Ya kwanza ni kitambulisho cha taifa. Kijana hukipata akitimiza miaka 18. Bila ya kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, wala hawezi kufungua hesabu ya benki ya mtu mzima. Basi aende kwa chifu mapema, akiwa na cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi.

Ya pili ni cheti cha kifo, kwa yatima. Jambo hili huumiza, na kwa hiyo watu huliahirisha. Lakini bodi ya mikopo na watoaji wa misaada hutaka uthibitisho, na mtoto ambaye kifo cha mzazi wake hakikuandikishwa huonekana kana kwamba ana baba na mama wenye uwezo. Jamaa wanaomlea yatima wamfanyie hisani ya kuandikisha kifo hicho mara moja, wasingoje mpaka siku ya haja.

Ya tatu ni cheti cha shule. Ziko shule zilizowahi kuzuia vyeti vya watoto wenye deni la karo. Sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012 hairuhusu jambo hilo. Deni ni la mzazi na shule, nao waweza kuagana namna ya kulilipa. Cheti ni cha mtahiniwa. Mzazi aende kwa mwalimu mkuu kwa adabu, akiwa na habari hiyo. Akikataliwa, apeleke shauri lake kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo.

Ya nne ni nambari ya kodi. Kijana asiogope kwamba akiipata ataanza kutozwa. Asiyekuwa na mapato hatozwi kodi ya mapato. Lakini kwa kawaida kila mwaka hutakiwa kupeleka taarifa yake, hata ikiwa ni ya kusema kwamba hakupata kitu.

Karatasi hizi zikitiwa katika bahasha moja na nakala zake katika nyingine, kazi iliyobaki huwa nyepesi. Shughuli nyingi kati ya hizi hutimizwa katika Kituo cha Huduma mjini Nakuru.

MKOPO WA MASOMO

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Mwanzoni ilijulikana zaidi kwa wanafunzi wa Vyuo Vikuu, lakini wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya Serikali nao hukopeshwa. Riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka. Mwanafunzi huanza kulipa baada ya kumaliza masomo, naye hupewa muda wa mwaka mmoja.

Mwaka 2018 Serikali iliweka ada ya vyuo vyake vya ufundi kuwa shilingi 56,420 kwa mwaka. Katika hizo Serikali ilitoa 30,000, na 26,420 zilizobaki mwanafunzi aliweza kuzipata kwa mkopo wa HELB. Mwaka 2023 ulianza mpango mwingine wa kupima hali ya kila nyumba, ili aliye maskini zaidi apate zaidi. Mpango huo ulipingwa mahakamani, na mwezi wa Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba haupatani na Katiba. Shauri likapelekwa kwenye rufani. Kwa hiyo mwombaji asitegemee habari za ndugu yake aliyesoma miaka iliyopita, bali aulize chuoni kiasi cha mwaka wake mwenyewe.

Mwenye kuomba kwa mara ya kwanza hutakiwa kuwa na wadhamini. Hapa ndipo watoto wa maskini hukwama, kwa kuwa majirani huogopa kuweka majina yao. Hofu hiyo ina sababu, maana kijana akikataa kulipa mdhamini aweza kudaiwa. Dawa yake ni maagano ya wazi. Kijana amweleze mdhamini kiasi cha deni, riba yake na wakati wa kuanza kulipa. Na baadaye amwonyeshe hesabu kila mwaka. Asiyelipa hutozwa faini, na jina lake hupelekwa kwa waweka kumbukumbu za wadaiwa, akakosa kukopeshwa na benki nyingine. Dawa ya deni ni kulipa.

Iko pia misaada isiyorudishwa, kama ile ya kaunti na ile iliyotolewa na mfuko wa maendeleo wa majimbo ya uchaguzi tangu 2003. Lakini Septemba 2024 Mahakama Kuu ilihukumu kwamba mfuko huo wa majimbo haupatani na Katiba. Hata pale msaada unapopatikana, mara nyingi hautoshi ada yote. Yafaa uombwe, ila usiwe nguzo ya pekee.

AKIBA NDOGO, KAZI KUBWA

Kijana wa kibarua husema hana cha kuweka. Na tutazame hesabu. Akiweka shilingi 50 kila siku ya kazi, kwa siku sita atakuwa na shilingi 300. Kwa majuma 52 atakuwa na shilingi 15,600. Fedha hizo ni zaidi ya nusu ya zile 26,420 zilizotajwa hapo juu. Haba na haba hujaza kibaba.

Shida ni mahali pa kuziweka. Fedha zikikaa mfukoni huliwa na soda na mikate. Zikikaa chini ya godoro huibwa au hukopwa na jamaa. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, simu imekuwa kibeti cha watu wengi. Uchunguzi wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba watu wazima waliotumia huduma rasmi za fedha nchini Kenya walikuwa asilimia 26.7 tu, mwaka 2024 walikuwa asilimia 84.8. Hayo ni mabadiliko makubwa. Lakini kibeti cha simu ni chepesi kufunguliwa, na akiba ya mwaka yahitaji mlango mzito kidogo.

Mlango huo ni chama cha akiba na mikopo. Wafugaji wapelekao maziwa kwenye ushirika, na wachukuzi wa pikipiki, wengi wao wana vyama hivyo. Mara nyingi mwanachama huruhusiwa kukopa mara tatu ya akiba yake, akidhaminiwa na wenzake. Kijana mwenye 15,600 aweza basi kufikia shilingi 46,800. Riba ya kawaida ni asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni lililobaki. Kabla ya kujiunga aulize mambo matatu: chama kimesajiliwa? Hesabu zake husomwa mbele ya wanachama kila mwaka? Mtu akitoka hurudishiwa akiba yake baada ya muda gani?

Vikundi vidogo vya mzunguko navyo vina faida yake, hasa kwa akina mama. Lakini kila shilingi iandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

MKOPO SI SAWA NA MKOPO

Simu iletayo akiba huleta pia mikopo ya upesi. Novemba 2012 ulianza mkopo wa M-Shwari, uliotozwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Vijana wengi huona asilimia 7.5 kuwa kidogo. Wasahau kwamba HELB huhesabu kwa mwaka, na mkopo wa simu huhesabu kwa mwezi.

Chukua deni la shilingi 26,420. Kwa asilimia 4 kwa mwaka, riba ya mwaka mmoja ni shilingi 1,057 hivi. Kwa asilimia 7.5 kwa mwezi, riba ya mwezi mmoja ni shilingi 1,982 hivi; na deni likifanywa upya kila mwezi kwa mwaka mzima, riba hufika karibu shilingi 23,780. Mwenye kulipa hivyo amekaribia kununua deni lake mara mbili. Mkopo wa simu waweza kufaa kwa mchuuzi anayenunua kabeji asubuhi na kuziuza jioni, maana fedha hurudi upesi. Haufai kulipia chuo, kwa kuwa masomo hayarudishi fedha katika siku 30.

Mfuko wa Serikali uitwao Hustler Fund, ulioanzishwa tarehe 30 Novemba 2022, hutoza asilimia 8 kwa mwaka na hukopesha kuanzia shilingi 500 mpaka 50,000. Sehemu ya asilimia 5 ya mkopo hukatwa ikawa akiba ya mkopaji. Lakini muda wake wa kulipa ulikuwa siku 14 tu, basi nao wafaa biashara ndogo kuliko ada.

Wako tena wakopeshaji wa simu ambao zamani walizoea kuwapigia jamaa na marafiki wa mdaiwa ili kumwaibisha. Tangu 2022 wakopeshaji hao hutakiwa kupata leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na kanuni zinakataza kutukana na kuaibisha. Kijana aulize kwanza kama mkopeshaji yumo katika orodha ya Benki Kuu. Wala asimpe mtu nambari yake ya siri, hata akisema anatoka benki au bodi ya mikopo. Benki ya kweli haiulizi nambari hiyo. Kukopa harusi, kulipa matanga.

WAJIBU WA WAKUBWA

Kijana maskini hakosi fedha tu. Hukosa pia mtu wa kumwelekeza. Mtoto wa mwalimu husikia habari za vyuo mezani kwao. Mtoto wa kibarua huzisikia baada ya siku za kuomba kupita. Basi pengo hili laweza kuzibwa na kijiji kwa gharama ndogo sana. Mwalimu aweza kuwaita wanafunzi wake wa mwaka jana mara moja tu, akawaonyesha namna ya kuomba. Chifu aweza kutangaza barazani tarehe za mwisho. Ushirika wa maziwa waweza kuwapokea vijana wenye akiba ndogo. Mzee mwenye kazi aweza kuwa mdhamini wa kijana mmoja anayemjua tabia.

Wasisahauliwe wasichana waliozaa wakiwa shuleni. Maagizo ya Wizara ya Elimu ya mwaka 2020 yathibitisha kwamba mama kijana ana haki ya kurudi masomoni. Bibi anayekubali kumlea mtoto kwa miaka miwili ya chuo amempa binti yake kitu kikubwa kuliko ada. Kadhalika vijana wenye ulemavu waandikishwe mapema, kwa kuwa iko misaada iliyotengwa kwa ajili yao.

MASWALI YA KUZUNGUMZA BARAZANI

1. Katika kijiji hiki ni vijana wangapi waliomaliza kidato cha nne mwaka jana, na wangapi kati yao wana vitambulisho?

2. Ni yatima gani ambao vyeti vya vifo vya wazazi wao havijapatikana, na nani atawasaidia kuvipata?

3. Kijana anataka shilingi 10,000 za kununulia mashine ya kushonea. Apate wapi fedha hizo kwa riba ndogo, na alipe kwa muda gani?

4. Mdhamini na mkopaji waandikiane nini ili ujirani usivunjike?

5. Nani katika kijiji hiki atakuwa na kazi ya kuuliza tarehe za mwisho za maombi na kuzitangaza kabla hazijapita?